Fremu ya picha ya mkono: unga kwanza, rangi baadaye

Ukitaka kujua kama fremu imemaliziwa kwa mkono, usiangalie mbele, angalia kona. Fremu nyingi za mtaani zinatengenezwa na mche (ule mti mrefu mwembamba wa fremu) ulioshapakwa rangi kiwandani, fundi anakata digrii 45, anapiga gundi na pini, kazi imeisha. Siku hiyo inapendeza kweli, ila kila kona ina mstari mwembamba, na kwa unyevu wa Dar ule mstari ukipata masika mawili matatu unaanza kufunguka, ndani panaonekana peupe au mbao ghafi. Fremu ya mkono inaenda kinyume. Unaunga mbao ikiwa tupu kabisa, afu ndo unaweka jeso (koti nyeupe nzito ya msingi), rangi, dhahabu, nta au chochote juu ya fremu nzima, kona zinafunikwa na hakuna mstari. Hapo ndo tofauti yote ilipo, na ukiielewa vizuri mengine yote ni subira tu na mikono.

Mi nilianza na vitanda na makabati, kwa hiyo kukata nilikuwa najua, nilichokuwa sijui ni kumalizia. Useremala wa kabati unasamehe, milimita moja inajificha nyuma ya bawaba. Fremu haisamehi kwa sababu mtu anaiangalia kwa karibu, iko usawa wa macho yake, na anaiangalia kila siku.

Tuanze na mbao. Kwa kujifunzia nunua paini, zile zinazotoka Sao Hill kule Mufindi ziko kila duka la mbao, mbao ya inchi 1 kwa 6 ya futi 12 inakutolea fremu kadhaa. Chagua kipande kilichonyooka, kisicho na macho mengi (yale mafundo meusi yanatoa utomvu, baada ya miezi unapenya rangi na kuacha doa la njano), na kama mbao ina ukijani wa dawa iache kwa ajili ya paa, vumbi lake sio la kuvuta. Ukishazoea ndo uende kwenye mninga, mkongo au msaji. Mninga una rangi nzuri mno, kuufunika na rangi ni dhambi, huo unaupaka shelaki (aina ya vanishi) au nta tu. Msaji una mafuta ndani yake, gundi inakataa, kwa hiyo kabla ya kuunga pangusa sehemu ya kona na kitambaa chenye tina, acha ikauke dakika chache, afu gundi papo hapo usisubiri kesho. Na mvule ukiupiga msasa vaa barakoa kabisa, vumbi lake linawasha pua na kifua, kuna mafundi wamepata shida ya kupumua kwa sababu ya kulipuuza.

Mbao ukishainunua usiikate siku hiyo hiyo. Nakusihi. Ipasue vipande vya upana unaotaka, iweke ndani ya nyumba ikiwa imelazwa juu ya vijiti hewa ipite chini na juu, wiki mbili, ikiwezekana tatu. Mbao za maduka yetu nyingi zinauzwa bado zina maji, na mbao ikikauka inasinyaa upande wa upana lakini urefu haubadiliki karibu kabisa, kwa hiyo ile kona uliyoikata digrii 45 safi inageuka, inafunguka upande wa ndani. Watu wanalaumu gundi kumbe gundi haina kosa.

Sasa umbo. Mche wa fremu unahitaji kitu kimoja cha lazima, ribeti, ile ngazi ya nyuma ambapo picha na kioo vinakaa. Ukiwa na mashine ya ruta ni kazi ya dakika kumi, kama huna basi usihangaike kukodi, chukua mbao mbili, moja pana na moja nyembamba zaidi kwa milimita 6, zigundishe moja juu ya nyingine zikiwa zimelingana ukingo wa nje, ukingo wa ndani utabaki na ngazi ya milimita 6 na hiyo ndo ribeti yako. Fremu nyingi nzuri tu zimejengwa hivo. Mbele unaweza kuacha bapa, au ukaizungusha kwa randa ndogo ukingo wa ndani ushuke kidogo kuelekea picha, jicho linapenda kuteremka kwenda kwenye picha.

Kupima ndo watu wanapoharibu mbao. Unapima kwa picha, hupimi kwa nje. Chukua mfano, picha ni sentimita 40 kwa 60, mche wako una upana wa sentimita 5, ribeti ni milimita 6. Kwanza ongeza milimita 3 kwenye upana na 3 kwenye urefu ili picha isikabwe (mbao na picha vyote vinapumua), inakuwa 40.3 na 60.3. Afu upana wa mche ukitoa ribeti ni 5 kutoa 0.6, unabaki 4.4, na kwa kuwa iko pande mbili ni 8.8. Kwa hiyo urefu wa nje, ncha kwa ncha, ni 49.1 kwa upande mfupi na 69.1 kwa upande mrefu. Vipande vinne vinakula kama mita 2.4, ila we andaa mita 3, kwa sababu kila mkato wa mshazari unatupa kipembetatu na kwa mara ya kwanza utakosea angalau mara moja.

Kukata, kuna mikato minane kwenye fremu moja. Hesabu hiyo iweke kichwani. Kama msumeno wako umekosea nusu digrii tu, kosa linajirudia mara nane na kona ya mwisho inakuja na pengo la digrii 4, yaani kona tatu zinafunga safi kabisa halafu ya nne inakucheka. Kwa hiyo usimwamini mtu wala boksi la kukatia kona la plastiki, jaribu kwanza kwenye mabaki, kata vipande viwili, vikutanishe, weka skwea ndani. Ukiona mwanga rekebisha. Msumeno wa meno madogo, kata pole pole bila kusukuma, afu acha milimita moja ya ziada umalizie kwa randa kali au kwa msasa namba 120 uliogundishwa kwenye ubao bapa. Na kitu kingine ambacho ni muhimu kuliko digrii yenyewe, vipande vinavyotazamana LAZIMA viwe na urefu sawa sawa, viweke mgongo kwa mgongo upapase ncha kwa kidole, kidole kinasikia tofauti ambayo futi haikuonyeshi.

Kwenye kuunga, ncha ya mbao inanyonya gundi kama udongo mkavu unavyonyonya maji. Ukipaka mara moja ukabana, gundi yote inaingia ndani na kati panabaki pakavu. Dawa yake, chukua gundi nyeupe ya mbao, izimue na maji kidogo, paka ncha zote nane, subiri dakika tano mpaka kumi, afu ndo paka gundi nzito na kuunga. Huna vibano vya kona? Tafuta tyubu ya baiskeli iliyochoka, kata ukanda mrefu wa upana wa sentimita 3, weka vipande vidogo vya mbao kwenye kona nne kulinda ncha, zungusha ule mpira kuzunguka fremu yote ukiuvuta kwa nguvu, raundi nne tano. Unabana kona zote nne kwa wakati mmoja na nguvu inajigawa yenyewe, mi nina vibano vya chuma na bado narudi kwenye tyubu. Kabla gundi haijashika pima kona kwa kona, mshazari wa huku na wa kule, vikiwa sawa kona zote ni digrii 90, kikizidi kimoja sukuma taratibu kona za ule mrefu. Acha usiku kucha.

Kesho yake weka misuli. Kata mfuo mdogo kwa msumeno kwenye kila kona upande wa nje, ingiza kipande chembamba cha mbao ngumu chenye gundi, ikikauka kata kilichozidi na upige msasa. Watu wanapenda kupiga misumari, msumari unashika leo, ila kwa hewa ya pwani unapata kutu na kutu inapanda mpaka juu ya rangi. Kipande cha mbao hakipati kutu.

Msasa sasa. 120, afu 180, afu 240, na kila mara fuata uelekeo wa nyuzi. Kwenye kona ambapo nyuzi zinakutana nenda na kipande kidogo cha msasa kilichokunjwa, simama pale kwenye mstari usivuke, maana mkwaruzo wa kukatiza nyuzi hauonekani mpaka upake vanishi na hapo ushachelewa. Matundu na mapengo madogo jaza kwa puti, au kama ni mninga changanya vumbi lake lenyewe na gundi.

Hapa njia zinagawanyika, mbao inayoonekana na mbao inayofunikwa.

Mbao inayoonekana, mi napenda shelaki. Ni utomvu wa kidudu kidogo kinachofugwa kwenye miti huko India na Thailand, unauzwa kama vipande vya rangi ya kahawia, unaviloweka kwenye spiriti usiku mzima, gramu 100 kwa nusu lita inatosha kuanzia. Kunja kitambaa cha pamba kiwe kama kifundo, ndani weka pamba, dondoshea shelaki, pitisha juu ya mbao kwa mwendo mmoja usiosita. Usisimame hata sekunde, ukisimama inakamata na kuacha alama. Dakika kumi unapaka nyingine. Koti sita hadi nane, katikati unapitisha msasa 400 kidogo tu. Na angalia siku, wakati wa masika hewa ikiwa nzito shelaki inaweka ukungu mweupe kwa sababu inanasa unyevu, hiyo siku fanya kazi nyingine. Ikishatokea usilie, subiri siku kavu upitishe kitambaa chenye spiriti kidogo sana, mara nyingi inarudi.

Nikiwa kwenye vanishi siwezi kuacha kusema hili, maana vijana wengi hawalijui. Karne ya 19 pwani yetu ndo ilikuwa inalisha mafundi wa vanishi wa ulaya na marekani. Sandarusi, ule utomvu wa msandarusi, uliochimbwa ardhini huku bara mkabala na Unguja, ulipakiwa Zanzibar na meli za wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, ukaenda kusafishwa kule na kugeuzwa vanishi ya magari ya farasi na samani. Marekani waliweka balozi mdogo Zanzibar mwaka 1837, na biashara ya Salem ilikuwa moja ya sababu. Kwa hiyo mtu akikuambia kumalizia mbao kwa vanishi ni utaalamu wa kizungu, mwambie malighafi ilitoka kwetu.

Nta ni rahisi zaidi kwa anayeanza. Nta ya nyuki ya Tabora, safi, sehemu moja, na tapentaini sehemu tatu kwa uzito. Yeyusha nta ndani ya kopo lililowekwa kwenye sufuria ya maji ya moto, ikishayeyuka ONDOA JIKONI KABISA, nenda mbali na moto, ndipo umimine tapentaini ukikoroga. Tapentaini inashika moto kama petroli, usicheze. Ikipoa inakuwa kama siagi, paka kwa kitambaa, subiri nusu saa, sugua mpaka ing'ae. Juu ya shelaki nyembamba nta inatoa mng'ao wa upole ambao vanishi ya dukani haina. Na kama umetumia mafuta ya kitani popote, vitambaa vyake vitandaze nje vikauke au vitie ndani ya maji, ukivikunja na kuvitupa kwenye kona vinajipasha joto vyenyewe mpaka vinawaka. Karakana zimeungua hivo.

Mbao inayofunikwa, hii ndo kazi niipendayo kuliko zote, na paini ya bei rahisi ndo inapogeuka kuwa kitu ambacho mtu haamini. Unaanza na jeso. Wataliano wa zamani walitumia gundi ya ngozi ya sungura, kwetu haipatikani kirahisi, tumia jelatini isiyo na sukari wala ladha. Sehemu moja jelatini kwa maji sehemu kumi, loweka saa nzima ivimbe, pasha juu ya maji ya moto, isichemke hata kidogo maana ikichemka nguvu inapotea. Afu nyunyizia poda ya kalisiamu kabonati kidogo kidogo mpaka iwe nzito kama maziwa ya mgando yaliyopigwa, koroga taratibu bila kutengeneza povu, chuja kwa soksi ndefu ya nailoni. Povu likibaki unapata vitundu vidogo kama vya sindano na kuviziba ni mateso. Tafadhali usitumie chokaa ya kupakia ukuta, ile inaunguza ngozi na sio kitu kimoja na hii, na chaki za ubaoni nyingi ni jipsam, nazo ziache.

Koti ya kwanza iwe nyepesi, isugue na vidole iingie kwenye nyuzi. Zinazofuata paka kwa brashi laini, kila moja ukiona ile ya chini imeacha kung'aa kwa maji lakini bado ina ubaridi ukiigusa. Koti sita mpaka nane, zote siku moja, ukikatisha katikati ukaendelea kesho zinaweza kuachana zikabanduka kama magamba. Kilichobaki weka kwenye friji, kwa joto letu kinaoza siku mbili tu na harufu yake hutaisahau. Ikikauka kabisa, siku mbili, msasa 240, 320, 400, na hapa usiwe na haraka, jeso ikiwa kama ganda la yai dhahabu itakuwa kama kioo, jeso ikiwa na mawimbi dhahabu itayatangaza.

Chini ya dhahabu inaenda rangi nyekundu. Mafundi wa zamani walitumia udongo mwekundu, wekundu wake unatoka kwenye chuma, sasa ile poda nyekundu ya oksaidi ya kutilia sakafu za sementi inayouzwa hadwea nayo ni oksaidi ya chuma. Changanya na gundi nyeupe iliyozimuliwa, chuja, paka koti mbili nyembamba. Ikikauka pitisha shelaki koti moja au mbili ili gundi ya dhahabu isinyonywe.

Karatasi za dhahabu ziko aina mbili. Dhahabu yenyewe, karati 22 au 23, kipande ni mraba wa milimita 80, nyembamba kiasi kwamba pumzi yako inaikunja, kitabu kina karatasi 25. Na ile ya kuiga, shaba iliyochanganywa na zinki, sentimita 14 kwa 14, nene kidogo na rahisi kushika, anza na hii. Paka gundi maalum ya kubandikia, ile ya maji inakuwa tayari dakika kama 20 hivi, ile ya mafuta ni saa tatu au hata kumi na mbili kutegemea aina. Jaribu kwa kifundo cha kidole, ikikuvutia kidogo na kutoa sauti ya "tik" bila kuacha unyevu, iko tayari. Zima feni. Funga dirisha. Mikono paka poda ya mtoto maana jasho linaacha doa. Laza karatasi, ya pili ipande juu ya ya kwanza milimita tano, gandamiza kwa pamba, acha siku nzima, afu ondoa mabaki kwa brashi laini na mabaki hayo yatumie kuziba palipopasuka. Ile ya kuiga lazima uipake shelaki juu, bila hivo hewa ya chumvi itaigeuza nyeusi na kijani ndani ya miezi. Dhahabu yenyewe haigeuki rangi hivo.

Ukimaliza itang'aa mno, kama kitu cha harusi. Sasa itulize. Stilwuli namba 0000 (sio ya masufuria, hiyo itakwangua mpaka kwenye mbao) pitisha pale ambapo mkono wa mtu ungegusa kwa miaka, kwenye kingo na kona, wekundu uchungulie kidogo. Afu rangi ya kahawia iliyozimuliwa sana, paka yote, pangusa mara moja, iache ikae kwenye mifuo tu. Funga na nta. Hapa ndo kila fundi ana mkono wake, na mi nakushauri kabla ya fremu yoyote tengeneza kona ya mfano, vipande viwili vya sentimita 20 vilivyoungwa, jaribu hapo, nyuma andika ulichopaka na koti ngapi. Ninazo kona zaidi ya thelathini ukutani, mteja akija anachagua kwa kugusa.

Kuweka picha. Rangi ya mafuta na inameli hazihitaji kioo. Edward Saidi Tingatinga, aliyefariki 1972, alianza hapa Dar miaka ya mwisho ya sitini akitumia inameli, zile rangi za kupakia baiskeli, juu ya hadibodi, na michoro ya namna hiyo inapenda fremu bapa, pana, nyeusi au rangi moja nzito, ukiiwekea dhahabu iliyochongwa vinagombana. Picha za karatasi na foto ndo zinataka kioo cha milimita 2, na kioo kisiguse picha kabisa, weka kadi pana kuzunguka au vijiti vyembamba ndani ya ribeti, maana unyevu ukishika foto inaganda kwenye kioo na kuitoa ni kuipasua. Nyuma funga kwa hadibodi, ziba ukingo kwa tepu ya karatasi wadudu wasiingie.

Mwisho pete mbili za kutundikia, theluthi moja kutoka juu, waya usikaze sana, na kona mbili za chini nyuma gundisha vipande vidogo vya ile tyubu ya baiskeli ili fremu isilale bapa ukutani na hewa ipite. Kuta zetu zinatoa jasho wakati wa masika, picha iliyobanana na ukuta inaota ukungu kuanzia nyuma, na unakuja kuuona ukiwa umeshafika mbele.